Mlango wa Nzi

Jina alilopewa na wazazi wake ni Dilsari, lakini pale Thumkadanda, kijiji cha milimani Nepal, ukiwakuta wanaume wamekaa nje ya duka la chai, utasikia wakimwita Mlango. Mlango huyo anashuka bombani. Mlango leo kanuna. Walilisema akiwa anapita, halafu wakatazama pembeni kama watoto walioiba sukari. Na mimi niliyekaa nao miaka mingi nasema wazi, wale watu walikuwa na bahati kwamba mama yule alikuwa na mbuzi wa kukatia majani na maji ya kuteka, maana mikono yake ilikuwa inamwasha.

Jina lenyewe lilitoka kwa shemeji yake, Narjit, kaka mkubwa wa mumewe na mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa machungwa. Shamba la Narjit liko juu kabisa, karibu na kilele, na la Dilsari liko chini kabisa, tuta la mwisho kabla ya msitu unaoteremka hadi mto Sunkoshi. Huko mtoni ndiko alikozaliwa Dilsari, kwenye joto, kwenye mapera na maembe. Machungwa ya mlimani yalipoanza kudondoka kabla ya kuiva, na kila ukilipasua moja unakuta funza wanajinyonganyonga, Narjit hakuumiza kichwa. Alisema nzi wanatoka kwenye joto la mtoni, wanapanda msituni, wanaingilia shambani kwa mke wa mdogo wake. Akaongeza kwamba walianza kupanda mwaka ule ule bibi harusi alipoletwa na kikapu chake cha mapera.

Watu wakacheka, na jina likashika. Dilsari hakucheka. Alikuwa ameolewa mlima ule akiwa msichana, akaipanda miche ile kwa mikono yake wakati mumewe, Hasta, yuko Qatar anasukuma zege, akaimwagilia kwa ndoo kiangazi baada ya kiangazi. Mti wa kwanza kabisa, ule wa pembeni kwenye jiwe, aliupanda akiwa na mimba ya binti yake. Machungwa yale ndiyo yaliyomsomesha binti huyo mjini. Sasa leo aambiwe yeye ndiye aliyeleta balaa? Kwa kikapu cha mapera?

Mambo yalizidi kuharibika wakati wa mvua, alipokuja bibi shamba mmoja kijana, Pratikshya, na mfuko wa chupa za mitego. Kila mkulima alitundika zake. Chupa za Dilsari zilijaa nzi haraka, weusiweusi, wadogo. Za Narjit kule juu zilipata wachache mno. Basi Narjit alikuwa akitembea na chupa ya Dilsari mkononi, akiitikisa kila penye watu.

"Mnaona wenyewe," alisema. "Mimi nikisema mlango, mnadhani natania."

Pratikshya alijaribu kuwaeleza. Walikuwa wamekusanyika uani kwa Narjit, wali umeshaiva na kuku amechinjwa, na watu wakiwa katika hali hiyo wanasikiliza kwa sikio moja.

"Jamani, hii chupa ni ya nzi mdogo, yule wa mapera," alisema. "Harufu yake inamvuta huyo tu. Yule mkubwa wa manjano, anayefanana na nyigu, haitaki kabisa. Kwa hiyo chupa ikijaa, msiseme mmemkamata mharibifu wa machungwa."

"Mwanangu, nzi ni nzi," Narjit alimkata kauli. "Njoo ule, chakula kinapoa."

Dilsari alikuwa amechutama mlangoni akigawa maji. Ndiye pekee aliyeuliza. "Dada, hao wawili ni ndugu?"

"Ndugu wa ukoo mmoja, mama, ila nyumba moja hawakai. Mdogo anapenda joto, anazaa na kuzaa, na baridi kali inamuua. Huku kwenu anapanda wakati wa mvua tu, kutembea. Mkubwa bila baridi haishi. Funza wake wanashuka ardhini machungwa yakidondoka, wanajifunga kila mmoja kwenye kidonge chake, wanalala majira yote ya sakitu, umande ukiganda. Wasipoonja baridi hawaamki. Ndiyo maana mtoni kwenu hayupo. Na kule juu kabisa zamani alishindwa, baridi ilizidi. Siku hizi kunapoa kidogo tu, naye anapanda."

"Kwa hiyo mtoni kwetu hawezi kutoka."

"Hawezi."

Dilsari aliinua macho amtazame shemeji yake. Narjit alikuwa anatafuta paja la kuku kwenye sufuria. Hakusikia hata neno moja, na kama alisikia, alilimeza pamoja na wali. Ile hasira ya Dilsari ya siku zote, iliyokuwa ikimchemka na kutulia, siku hiyo ilikaa kitako.

Ikaja sikukuu ya kaka na dada, mwezi wa Kartik, mvua zikiwa zimekwisha. Dilsari alishuka mtoni kwa kaka yake, Khembir, na kapu la machungwa mgongoni, mkanda kwenye paji la uso. Alikuwa ameyachagua moja moja, yale mazuri yanayoanza kupiga manjano. Alimpaka kaka yake rangi kwenye paji la uso, akamvika shada la maua, akamwekea chungwa mkononi. Khembir akalipasua mbele ya wakwe na majirani. Ndani kulikuwa na funza, wamejaa tele. Akapasua la pili. Funza.

Khembir ni mtu mwema. Aliyafunika kwa sahani na kusema, "Dada, mimi nilikuwa nangojea mikate yako, machungwa nitayala mwakani." Lakini Dilsari aliona aibu hadi masikio yakamuuma. Kumpa kaka yako uozo siku ile ya kumwombea maisha, hilo ni doa ambalo hata akusamehe vipi, wewe hujisamehe. Alitoka uani akakaa chini ya mpera, akalia kwa hasira, kile kilio kigumu cha meno kukazana.

Halafu akafuta kamasi, akaomba vyungu viwili. Alivijaza udongo, akayagawa machungwa mabovu, nusu huku, nusu huku, akafunika kila chungu kwa kitambaa cha chandarua na kukifunga kwa uzi.

"Wifi, umepanda funza?" aliuliza mke wa Khembir. "Unategemea kuvuna nini?"

"Nategemea kumfunga mtu mdomo. Hiki chungu kikae hapa hapa chini ya mpera, kisipelekwe popote, kuku wasikiguse. Hiki kingine napanda nacho mlimani."

"Mtu gani huyo?"

"Wewe tunza chungu, wifi."

Alipanda nacho mlimani na kukiweka nje ya ukuta wa jikoni, mahali sakitu inapokaa hadi saa nne asubuhi. Majira ya baridi yakapita. Wanunuzi wa mjini walikuja, wakapasua machungwa machache, wakatikisa vichwa, wakaondoka na malori matupu. Kijiji kizima kilinuna. Na watu walionuna hutafuta wa kumbandika lawama, naye alikuwa tayari na jina.

Kikao kiliitishwa uani kwa Narjit. Aliongea kwa upole mno, ule upole wa mtu aliyekwisha kuamua. Alisema shamba la chini likatwe lote, pabaki uwazi kati ya msitu na machungwa ya wenzake, ili nzi wa mtoni wakifika wakose pa kukaa. Alisema ni kwa faida ya wote. Alisema yeye mwenyewe inamuuma, maana ni mali ya mdogo wake.

"Ya mdogo wako?" Dilsari alisimama. Mtandio ulikuwa umemteleza kichwani mbele ya shemeji mkubwa na hakuurudisha. "Mdogo wako ameuona mti gani? Kila akirudi likizo analala tu. Miti ni yangu, shemeji."

"Nimeshazungumza na Hasta kwenye simu. Amekubali."

Na kweli alikuwa amekubali. Dilsari alimpigia usiku ule ule, na Hasta, huko alikokuwa, alisema kwa sauti ya uchovu, "Mama Sunita, usinigombanishe na kaka. Kaka anajua. Mwache akate, tutapanda kitu kingine." Dilsari alimwambia kwamba kama anajua kupanda, arudi apande. Akamkatia simu. Miti ingekatwa baada ya mwaka mpya wa Kinepali, mwezi wa Baisakh, kwenye Aprili, kazi za mahindi zikipungua.

Basi pale katikati kuna kazi moja ambayo kila mtu mlimani anaifanya bila kufikiri. Machungwa yakidondoka wanayaokota, wanayatupa kwenye lundo la samadi nyuma ya zizi, pamoja na majani na kinyesi cha ng'ombe. Hakuna kinachopotea. Masika yakikaribia wanaibeba samadi ile kwa makapu na kumwaga kapu moja moja kwenye shina la kila mti. Ndivyo wazee wao walivyofanya, na aliyeacha machungwa yaoze ovyo shambani alionekana mvivu.

Dilsari alikuwa akifanya hivyo hivyo, akimwaga samadi kwenye ule mti wa kwanza wa pembeni kwenye jiwe, akiwaza kwa nini anaulisha mti wanaotaka kuukata. Mkono ukagusa vitu vigumu. Akavichota. Vidonge vya manjano, mfano wa punje za mchele, vimejaa samadi yote. Akaenda mbio jikoni, akafungua chungu chake, akachimba udongo kwa kidole. Vidonge vile vile.

Alikaa chini papo hapo ukutani. Funza hawakuwa wakipanda kutoka popote. Walikuwa wakiokotwa na watu, wakilazwa kwenye samadi, wakibebwa mgongoni, wakipelekwa mti kwa mti na kuachwa mlangoni pa kila shina. Na yeye pia. Miaka yote hiyo, kwa mikono yake hii hii. Alijitukana matusi ambayo siwezi kuyaandika. Halafu akakumbuka ni nani mlimani pale mwenye ng'ombe wengi kuliko wote, na lundo kubwa kuliko yote, na anayejisifu kwamba haachi hata chungwa moja chini.

Alipanda kwa Narjit mchana, akijua yuko dukani. Alikuwa na chandarua chake cha harusi, kile kikubwa cha kitanda, kimekunjwa kwapani. Mke wa Narjit, Rupsari, alikuwa anapepeta mtama.

"Dada," Dilsari alisema, "nimekuja kufunika samadi yenu iliyobaki."

"Kwa nini?"

"Kuku wanaitawanya."

Rupsari alimtazama, akatazama chandarua, akatazama lundo. "Kuku wetu wamefungwa. Wa kwako wanapanda hadi huku?"

"Wanapanda. Si mimi ndiye mlango."

Rupsari hakucheka, ila ungo ulisimama. Yeye ndiye aliyekuwa akiyaokota machungwa ya Narjit, mgongo wake ndio uliobeba yale makapu. "Funika," alisema. "Weka mawe pembeni, upepo wa huku mbaya. Mume wangu nyuma ya zizi hafiki, huko ni kwetu sisi."

Kukapata joto. Chungu cha ukutani kwa Dilsari kikaanza kutikisika kitambaa, na nzi wakubwa wa manjano wakatambaa chini ya chandarua wakitafuta njia. Akampigia Khembir.

"Chako?"

"Kimya kama kaburi. Nimechimba kidogo, vidonge vimekauka, ukivibonyeza ni vumbi."

Alikichukua chungu chake na kushuka nacho dukani, akakiweka juu ya meza mbele ya Narjit na wenzake. Akaeleza yote, kwa kifupi, bila kupandisha sauti. Chungu cha mtoni kimekufa. Cha mlimani kimezaa. Nzi huyu ni wa baridi yenu. Narjit akainama, akachungulia, akarudi kwenye chai yake.

"Shemeji, wewe umefuga nzi jikoni kwako, halafu unatuletea tuwaone? Si ndilo tunalolisema?"

Meza nzima ikaangua kicheko. Dilsari alikibeba chungu chake akarudi nyumbani, na njiani alikuwa akikanyaga kwa kishindo kiasi kwamba nzi walikuwa wakirukaruka ndani. Ukisema ukweli kwa mtu asiyetaka kuusikia, bora upigwe kofi, angalau kofi linakubali kwamba upo.

Walikuja asubuhi, na mashoka na msumeno mmoja wa injini walioazima. Narjit mbele. Dilsari alisimama kwenye ule mti wa jiwe, mgongo kwenye gome.

"Kabla hujaugusa, panda kwanza nyuma ya zizi lako ukaone."

"Nikaone nini?"

"Nenda tu. Ukirudi hujaona kitu, nitakushikia shoka mwenyewe."

"Nimechoka na michezo yako. Sogea."

"Sisogei."

Narjit hakuruhusiwa na desturi kumgusa mke wa mdogo wake, na hakumgusa. Aliwaita wanawake wawili wa jirani, wakamshika mikono na kumvuta pembeni, huku mmoja akimnong'oneza, "Samahani, dada, samahani." Msumeno ukanguruma. Mti ule haukuwa mnene. Ulianguka upande wa bonde, na machungwa machanga, kijani, madogo kama kokwa, yakaviringika hadi msituni. Dilsari hakulia. Alilitazama shina jeupe, akamtazama Narjit, akasema polepole ili kila mtu asikie, "Huo ni mmoja. Utaukumbuka."

Narjit alikuwa ameshahamia mti wa pili pale Rupsari aliposikika kutoka juu. Sauti yake haikuwa ya kuita mtu chakula.

"Baba Mohan. Zima hiyo mashine, upande huku juu. Sasa hivi."

"Nina kazi."

"Zima nimekwambia. Pandeni wote."

Rupsari hakuwa mwanamke wa kumwamuru mumewe mbele ya watu, na pengine ndiyo sababu msumeno ulizimwa. Walipanda, matuta yote yale, Narjit akihema na kusonya. Nyuma ya zizi, jua lilikuwa limefika kwenye lundo. Chandarua cha harusi cha Dilsari, kilichokuwa cheupe, kilikuwa cha manjano. Kilikuwa kinatembea. Nzi wakubwa, wenye umbo la nyigu, juu ya wenzao, juu ya wenzao, wanapanda kitambaa na kuanguka na kupanda tena. Hakukuwa na nzi hata mmoja mweusi mdogo. Na wengine bado walikuwa wakitoka kwenye samadi, mabawa yamekunjamana.

Shamba la Narjit lilianzia hatua chache tu kutoka pale, na kwenye shina la kila mti kulikuwa na kapu la samadi ile ile.

"Hawa wamepanda kutoka chini," alisema Narjit hatimaye.

"Wamepanda," Dilsari alisema, "wakafika, wakafunua chandarua changu, wakaingia, wakapanga mawe pembeni, wakajifunga."

Mzee mmoja akakohoa ili asicheke. Rupsari alikuwa ameshika kiuno chake kwa mikono miwili, pale panapomuuma siku zote. "Mimi ndiye niliyewabeba," alisema. "Kila mwaka. Wewe unaniambia, usiache hata moja chini, mke wangu, usiache hata moja."

Samahani haikumtoka Narjit siku ile, wala baadaye. Alichosema ni, "Sasa tufanye nini?" akiwa anatazama chini, na hakuna aliyejua anamwuliza nani.

Wakampigia Pratikshya. Akasema msifungue chandarua, wafie humo humo. Akasema kwa mwaka huu mmechelewa, wengine wako mashinani tayari, nitawaletea chambo cha huyu mkubwa. Lakini machungwa yakianza kudondoka, kila moja liokotwe na lizikwe kwenye shimo refu, la wote, lifunikwe plastiki na udongo. Samadini lisiende hata moja.

Wakaanza kubishana shimo lichimbwe wapi. Mmoja akasema njia panda, mwingine akasema karibu na shule. Dilsari aliwaacha waseme, halafu akasema, "Litachimbwa kwangu. Pale penye kisiki. Narjit atakichimbua kile kisiki kwanza, kwa jembe, si kwa mashine." Alimwita kwa jina lake. Mke wa mdogo wake, alimwita kwa jina lake mbele ya kijiji, na hakuna aliyethubutu kumkemea.

"Lakini kwako ni mbali na sisi wa juu," alisema Narjit. "Kushuka na kupanda na kapu la machungwa mabovu, kila siku?"

"Kila siku. Na usimpe Rupsari. Mgongo wake umeshabeba vya kutosha."

Alikichimbua kisiki kwa jembe, na ilimchukua muda mrefu, mizizi ile ilikuwa imejifunga kwenye jiwe. Kartik ikarudi na machungwa yakaanza kudondoka, mengi bado. Dilsari alikuwa ameketi kwenye ukingo wa tuta lake anakunja majani ya mbuzi pale shemeji yake alipotokea kwenye njia, mkanda wa kapu kwenye paji la uso, maji ya machungwa yaliyooza yakimchuruzika shingoni, nyuma yake mstari mzima wa wanaume wa duka la chai na makapu yao. Narjit alisimama mpakani mwa shamba, asijue kama aingie au asubiri kukaribishwa.

Dilsari hakunyanyuka. "Pita, shemeji," alisema. "Mlango ni huu."